Pumzi ya Kupokea na Pumzi ya Kutoa



Katika ukurasa huu mmezoea kusoma juu ya masomo, ndoa, kazi na utumishi. Leo nawaomba mnivumilie niwaandikie juu ya mapafu ya wazee, na juu ya kifaa kidogo kinachoenea mfukoni: kinanda cha mdomo, ambacho wengi wetu hapa Kabongo hukiita armonika kwa kufuata Kifaransa. Huenda mkaliona jambo hili kuwa dogo. Lakini wengi wenu mna nkambo nyumbani ambaye, akipanda mwinuko mfupi tu, husimama, hushika kifua na kusema, "Ningojeni kwanza." Nawaandikia kwa ajili ya huyo.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na umri wangu umepita miaka 70. Kwa muda wa karibu miaka 30 niliongoza kwaya, na kwa hiyo nilijua jinsi ya kuwafundisha wengine kupumua muda mrefu kabla sijalazimika kujifunza upya mwenyewe. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kila mara huingiza hewa ya kiasi cha nusu lita. Mapafu yake yanaweza kubeba zaidi sana, karibu lita 6 kwa mwanamume mwenye afya, ila nafasi hiyo kubwa hatuitumii mpaka tukimbie, tubebe mzigo au tuimbe. Baada ya umri wa miaka 30 hivi, uwezo huo huanza kupungua kidogo kidogo kila mwaka. Mbavu hukakamaa, misuli hulegea, na mapafu yenyewe hupoteza ule mnyumbuko wa ujana. Kijana hahisi upungufu huo kwa sababu akiba yake ni kubwa. Mzee huhisi, kwa sababu akiba imekaribia kwisha.

Kwetu sisi, juu ya umri kuna mizigo mingine. Mama zetu wamepika bukari maisha yao yote juu ya moshi wa kuni na wa makala, mara nyingi katika jiko lisilo na dirisha. Kiangazi kinapoingia, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, vumbi jekundu la barabara hupanda hadi juu ya paa, na nyasi zinachomwa pande zote. Wapo baba zetu waliokwenda kusini kufanya kazi katika migodi ya Likasi na Kolwezi, wakavuta vumbi la mawe kwa miaka mingi. Na wapo wengi ambao walipatwa na kifua kikuu.

Mimi nilikuwa mmojawapo wa hao wa mwisho. Nilikuwa na miaka 63. Nilimeza dawa kwa muda wa miezi 6 bila kuruka siku hata moja, na makohozi yalipopimwa tena nikaambiwa kwamba nimepona. Nilishukuru sana. Lakini kifua kikuu kikiisha huweza kuacha makovu ndani ya mapafu, na kovu halinyumbuki. Niliporudi kwaya niliona kwamba mstari ambao zamani niliuimba kwa pumzi moja, sasa uliniomba pumzi tatu. Sauti ilikatika katikati ya neno. Vijana wa kwaya waliniheshimu, hawakucheka. Wakawa wanaimba kwa sauti ya juu kidogo ili kunifunika. Baada ya miezi michache niliwaachia uongozi, nikabaki kuketi benchi la nyuma.

Mnaweza kuuliza: mzee akiacha kuimba, pana hasara gani? Ili mnielewe, inafaa nikumbushe historia ya jimbo letu, ambayo baadhi yenu huenda hamjaisikia. Katika miaka ya 1950, huko Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda kwaya ya wavulana wapatao 45, wenye miaka kati ya 9 na 14, pamoja na walimu wao wapatao 15. Iliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Tarehe 23 Machi 1958 kwaya hiyo iliimba kwa mara ya kwanza, katika misheni ya Kamina, Misa iliyokuja kujulikana duniani kote kwa jina la Missa Luba. Maneno yake ni ya Kilatini, lakini sauti ni za huku kwetu. Kyrie yake imefuata mtindo wa kasala, ule wimbo wa maombolezo na sifa ambao wazee wetu huutoa mbele ya marehemu. Hakuna kinanda wala ogani, ila ngoma na pumzi za watu. Mwaka huohuo wavulana wale walizunguka Ulaya na kuimba katika maonyesho makubwa ya dunia mjini Brussels.

Fanyeni hesabu. Aliyekuwa na miaka 9 au 14 mwaka 1958, kama bado yuko hai, leo amekaribia miaka 80 au ameipita. Pumzi ile iliyosikiwa Ulaya imezeeka. Tumeirithi sifa ya watu wanaoimba, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini kwetu wimbo umekuwa pia njia ya mtu kuwa pamoja na wenzake, msibani, shambani na kanisani. Mzee anayepoteza pumzi ya kuimba hupoteza mahali pake katika duara. Hiyo ndiyo hasara niliyoihisi katika benchi la nyuma.

Kinanda cha mdomo kilinifikia kwa njia ya kawaida kabisa. Mjukuu wangu anayefanya kazi Lubumbashi alinunua kimoja sokoni akanitumia, akiwa na nia ya kunifurahisha tu. Muda mfupi kabla ya hapo, muuguzi mmoja alikuwa amenifundisha zoezi la kupumua: kuvuta hewa taratibu kwa pua, kisha kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepooza uji wa moto bila kuumwaga. Alinieleza kwamba mapafu yaliyoharibika mara nyingi hushindwa kutoa hewa ya zamani. Njia zake nyembamba hujifunga mapema, hewa hunaswa ndani, na hewa mpya hukosa mahali pa kuingia. Midomo iliyobanwa huzuia kidogo, na kizuizi hicho hushikilia njia zisifunge upesi. Nilipoweka kile kinanda mdomoni niligundua kwamba nafanya zoezi lilelile, ila safari hii linatoa muziki.

Niwaeleze chombo chenyewe. Kilibuniwa katika nchi za Ulaya zinazosema Kijerumani, mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1857 fundi wa saa aitwaye Matthias Hohner, wa mji wa Trossingen nchini Ujerumani, alianza kuvitengeneza nyumbani kwake kwa ajili ya kuuza, na kutoka hapo vikaenea duniani. Kile cha kawaida kina matundu 10, na ndani ya kila tundu mna vilimi viwili vyembamba vya shaba: kimoja hulia mtu anapopuliza, kingine hulia anapovuta pumzi. Katika filimbi, tarumbeta na zumari, kuvuta hewa ni kujitayarisha tu, na sauti hutoka hewa inapotoka. Kinanda cha mdomo kinaimba pande zote mbili.

Ninyi wanakwaya mtaelewa upesi. Tundu la 4 ukilipuliza linatoa do, ukilivuta linatoa re. La 5 ukipuliza ni mi, ukivuta ni fa. La 6 ukipuliza ni sol, ukivuta ni la. Kufika la 7 utaratibu unageuka: unaanza kwa kuvuta, nayo ni si, ndipo unapuliza do ya juu. Kwa hiyo kati ya la na si mpigaji huvuta pumzi mara mbili mfululizo. Kama hakuitoa hewa ya kutosha kwanza, hukwama hapo, kifua kikiwa kimejaa na wimbo haujaisha. Wiki yangu ya kwanza nzima ilikuwa kukwama mahali hapo. Kidogo kidogo nilijifunza kupuliza sol kwa utulivu mpaka mwisho, ili kuwe na nafasi ya sauti mbili zinazofuata.

Tena, chombo hiki humhurumia mwenye sauti iliyovunjika. Mwimbaji hujitengenezea sauti mwenyewe kooni. Koo likikauka, sauti hupotoka. Hapa vilimi vimekwisha kupangwa na fundi, wala havipotoki. Mzee anatakiwa kuleta hewa tu, hata kama ni kidogo.

Kwa mwaka mmoja na nusu sasa ninapiga kila siku asubuhi, vumbi likiwa bado limelala, na jioni kabla ya giza. Dakika 10 mwanzoni, sasa 20. Naketi wima kwenye kiti kisicho na mikono, mabega yameshuka, mkono mmoja juu ya tumbo ili nihisi kiwambo, yaani ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, kikishuka na kupanda. Nikianza kuhisi kizunguzungu naacha, napumzika, naendelea baadaye. Nilipoanza niliweza kuhesabu kwa sauti hadi 9 katika pumzi moja. Leo nafika 17. Kutoka nyumbani kwangu hadi kanisani nilikuwa nikipumzika mara tatu njiani. Sasa napumzika mara moja, na siku nyingine sipumziki.

Lakini nisiwape mategemeo ya uongo. Makovu yangu hayajafutika, wala hayatafutika. Huko Marekani, shirika la wagonjwa wa mapafu liitwalo COPD Foundation lina programu ya kuwafundisha wagonjwa kinanda cha mdomo. Mjini Dallas, katika jimbo la Texas, watafiti walifuatilia kundi dogo la wagonjwa waliojifunza kwa wiki 12. Walipomaliza, misuli yao ya kupumulia ilikuwa imepata nguvu, na walitembea mbali zaidi kuliko mwanzo. Watu hao walikuwa wachache mno kuwa ushahidi wa kutosha, na utafiti mwingine mdogo uliotangulia haukuona tofauti kubwa. Basi mtu mwenye busara atasema hivi: hili ni zoezi zuri, halimponyi mgonjwa, wala halichukui nafasi ya dawa. Nkambo wako akikohoa kwa wiki mbili au zaidi, akikonda, akitoka jasho usiku au akitema damu, usimletee kinanda. Mpeleke kituo cha afya akapimwe makohozi. Na kwa kuwa tunaishi katika nchi yenye kifua kikuu kingi, kinanda kimoja kiwe cha mdomo mmoja. Kisipitishwe kutoka kwa mtu hadi mtu, hata kwa upendo.

Nimesema juu ya kifua; sasa niseme juu ya moyo, maana hapo ndipo nilipohitaji msaada zaidi.

Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita. Watoto wetu wako mbali, Kamina, Lubumbashi na Mbuji-Mayi, nao wananikumbuka kadiri wawezavyo. Mchana una kazi zake. Usiku ni mrefu, na mtu mwenye pumzi fupi huogopa usiku, kwa sababu akilala chali huhisi kama anazama. Hofu hufupisha pumzi, na pumzi fupi huongeza hofu. Huo ni mduara ambao wagonjwa wa mapafu wanaujua vizuri. Kinanda kilinipa kamba ya kujishikia. Nikiamka na woga, naketi kitandani, nakishika bila hata kukipiga, nafuata tu mwendo wake: toa, vuta, toa, vuta, mpaka mapigo ya moyo yatulie. Asubuhi napata jambo la kutazamia, kwa maana kuna wimbo ambao jana niliushindwa. Katika umri wangu si mambo mengi ambayo mtu anaweza kusema kwamba kesho atayafanya vizuri zaidi kuliko leo.

Kuna jambo lingine, na juu yake tusifichane. Katika mitaa yetu, mzee anayeishi peke yake, anayekohoa usiku, asiyetembelewa, huanza kunong'onwa. Mtoto wa jirani akiugua, minong'ono hupata miguu. Mnajua neno linalotamkwa, na mnajua kwamba wazee wamefukuzwa nyumbani kwao, na wengine kupigwa, kwa sababu ya neno hilo. Mimi sikufika huko. Lakini kulikuwa na majira ambapo watoto wa mtaa walipita mbele ya ua wangu wakikimbia, na nilielewa kwamba kuna mtu amewaambia wakimbie.

Nilipoanza kupiga kinanda barazani, jambo hilo lilibadilika bila mimi kulipanga. Kwanza alisimama mtoto mmoja kwenye uzio. Kesho yake walikuwa watatu. Walicheka nilipokosea, na mimi nikacheka nao, nikakohoa, wakangoja nimalize kukohoa. Baadaye walianza kuniletea nyimbo wanazoimba shuleni ili nizitafute katika matundu yangu. Mama zao walikuja kuwaita wale chakula, wakakaa kidogo, wakanisalimu kwa jina. Mtu ambaye kikohozi chake kimezoeleka, tena kinatoka kati ya wimbo na wimbo, ni vigumu kumwogopa. Sisemi kwamba muziki unatosha kuushinda uovu ule. Unahitaji sheria, mafundisho na ujasiri. Nasema tu kwamba minong'ono hustawi palipo ukimya, na nyumba yangu haina tena ukimya ule.

Wakati mwingine namfikiria Toots Thielemans, Mbelgiji wa Brussels aliyezaliwa mwaka 1922, ambaye wengi humhesabu kuwa mpigaji bora wa kinanda cha mdomo katika muziki wa jazi. Mwaka 1981 alipatwa na kiharusi kilichomzuia kupiga gitaa kama zamani, naye alikuwa mpiga gitaa hodari. Akaendelea na kinanda cha mdomo. Alistaafu jukwaani mwaka 2014, akiwa na miaka 91, na akafariki mwaka 2016. Mimi si Thielemans, na majirani zangu watawathibitishia hilo. Lakini naona faraja kwamba kilichobaki mkononi mwake baada ya ugonjwa ndicho kilichomfikisha mbali kuliko vyote.

Katika ujana wangu nilidhani thamani ya mtu iko katika kile anachotoa: masomo anayofundisha, mkate anaoleta, sauti anayoipaza. Ndivyo tunavyowafundisha ninyi pia, na ni vema. Lakini uzee hudai ujuzi mwingine, ambao wengi wetu huufikia bila maandalizi, nao ni kupokea: kupokea mkono wa kushikwa unapovuka mfereji, kupokea maji yaliyochotwa na mtoto wa mwingine, kupokea kungojwa. Kwa mtu aliyezoea kutoa, kupokea huwa kama aibu. Kila siku nikipitia re, fa, la na si, najizoeza kwamba kuvuta hewa kunatoa sauti njema sawa na kuipuliza, na kwamba wimbo wenye sauti za kupuliza peke yake ungekuwa na mapengo.

Basi, ninyi wa Kiro, wa Xaveri, wa skauti na wa kwaya za vijana, sina haja ya kuwaomba mnunue vinanda kwa ajili ya wazee wote wa Kabongo. Kinachowezekana ni hiki. Kila kundi lichague wazee wawili au watatu wa mtaa wake wanaoishi peke yao. Mwende mkawatembelee wawili wawili, si mara moja kwa mwaka wakati wa sikukuu, bali kwa siku inayojulikana, ili mzee aingoje siku hiyo. Mkiwa huko, muimbe pamoja naye polepole, kwa pumzi yake na si kwa pumzi yenu. Mkimwona anakatika, mngojeeni mstari. Mbabula ikiwa inatoa moshi ndani, ihamishieni nje. Akiwa na kikohozi kisichokoma, mmoja wenu amsindikize kwenye kituo cha afya na kukaa naye kwenye foleni. Na ikiwa mtaani mnasikia minong'ono juu yake, ketini barazani pake mchana kweupe, mahali ambapo kila mtu atawaona.

Maswali ya kujadiliana katika kundi

1. Ni mzee gani katika mtaa wetu ambaye watoto wameambiwa wamkimbie? Nani kati yetu atakuwa wa kwanza kumsalimu kwa jina wiki hii?

2. Katika nyumba zetu, moshi na vumbi vinamdhuru nani zaidi, na tunaweza kubadili nini kabla ya kiangazi kijacho?

3. Kwaya yetu inawafanyia nini waimbaji ambao sauti zao zimechoka? Je, wana nafasi nyingine ya kutumika kati yetu?